Ua Lisilosubiri Adhuhuri

Aliyesema mchumia juani hulia kivulini hakuwahi kuchuma maua kule Yamada, kando ya Ziwa Biwa. Ukiingia mwezi wa Julai, kivuli chenyewe hakipo. Maua ni madogo, ya buluu. Yanafunguka alfajiri, na jua likifika utosini yameshasinyaa na kuwa utelezi mtupu. Kwa hiyo mchumaji haongei sana, hanyooshi mgongo, na haja yake anaibana. Wenyeji huyaita maua ya jehanamu, na hawatanii.

Towa aliolewa katika nyumba ya akina Nishida akiwa hajawahi kuligusa ua hilo. Mama mkwe wake, Shige, ndiye aliyemfundisha, kwa ulimi wa upupu. Seiji, mumewe Towa, alibaki nyumbani akiyakamua maua na kuipaka karatasi maji yake, akiianika na kuipaka tena mpaka inakuwa nzito, karibu nyeusi. Wachoraji wa mavazi ya kimono wa Kyoto hulowesha kipande cha karatasi hiyo, wakapata wino wa kuchorea mistari ya mwanzo. Kitambaa kikioshwa, buluu yote inakwenda na maji.

"We Towa, hayo maua unayachuma au unayabembeleza?" Shige alikuwa akimpigia kelele. "Wa kubembelezwa yuko nyumbani!"

"Nakuja, mama. Mikono yenyewe miwili tu."

"Kwani mimi ninayo minne?"

Shamba zima lilicheka, na Towa naye akacheka. Bibi huyo, pamoja na ukali wake, alikuwa akimfichia kipande kinono cha samaki chini ya wali ili Seiji asikione. Towa alimpenda sana. Alimwogopa vilevile.

Kiangazi kimoja mvua zilikatika mapema mno. Asubuhi moja upepo wa ziwani haukuja. Hata nyenze, ambao kila asubuhi hupasua watu masikio, siku hiyo walinyamaza, na Towa hakuupenda ukimya ule. Alimwona Shige akisukuma kando bakuli la uji wake wa mchele uliopikwa kwa chai, hata nusu hajafika. Mama, leo pumzika, alitaka kusema, akajizuia. Pale kijijini, kumwambia mzee apumzike msimu wa maua ni kumwambia amekwisha.

Walianza kuchuma kila mmoja kwenye mstari wake. Kila Towa alipoinua macho, aliona kofia ya majani ya Shige juu ya maua, imesogea mbele kidogo. Kisha ikaacha kusogea. Labda amekuta kichaka kilichojaa, alijiambia. Akachuma, akatazama tena. Kofia palepale. Hapo akatupa kikapu na kukimbia.

Shige alikuwa ameketi chini, uso mwekundu, mkavu, bila hata tone la jasho.

"Mama! Panda mgongoni, nikupeleke nyumbani."

"Nani anachuma?"

"Achana na maua, mama!"

"Nakuuliza, nani anachuma?" Sauti ilikuwa nyembamba, ila ukali ulikuwa uleule. "Nimechoka kidogo tu. Jua linapanda. Rudi mstarini, usinitie aibu mbele za watu."

Kweli, majirani walikuwa wameshainua vichwa. Towa alimnywesha chai ya shayiri, ikamtiririkia kidevuni. Akamshushia kofia imkinge uso, akarudi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alijikumbusha, na akachuma kwa mikono yote miwili kama mwenye wazimu, ili amalize upesi ambebe. Alimaliza mstari wake, akaingia wa Shige kutokea mwisho wake. Hakuthubutu kutazama mbele. Alichuma akisogea, akisogea, mpaka vidole vyake vikagusa magoti ya mama mkwe wake.

"Mama, nimemaliza," alisema. "Yote, mama. Twende sasa."

Akaiinua kofia. Macho ya Shige yalikuwa wazi, na nzi ametua pembeni mwa jicho moja.

Jioni majirani walikuja na ubani. Mlangoni walimkuta Seiji akikamua maua huku machozi yanamtoka, maana maua hayo hayajui msiba. Bi Otane wa nyumba ya pili alichungulia vikapu, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Mmemwona mkamwana huyu?" aliwaambia wenzake. "Mkwewe yuko vile, na bado hakuacha hata ua moja shambani! Shige ameondoka ameridhika. Hongera, mwanangu. Hongera sana."

"Wa kwangu angekaa analia tu," akasema mwingine.

Towa aliinama kuwashukuru kama inavyopasa, paji la uso likagusa mkeka. Alitaka kuwaambia kwamba mama alikuwa hai alipomwacha, kwamba angeweza kumbeba, hakuwa mzito. Hakuweza hata kuinuka. Alibaki vilevile ameinama, na wageni, walipoona anakawia kuinua kichwa, wakamsifu tena kwa adabu yake.