Jina la Mama Liko Ndani ya Katuni

Admin, nifiche tafadhali, watu wa Kitengela tunajuana. Mimi ni dada wa miaka ishirini na minane na kazi yangu ni kuchora midomo. Msicheke. Mimi na wenzangu wachache tunatengeneza katuni ya vichekesho ya runinga kwenye nyumba ya kupanga. Wengi hudhani tunachora kwanza. La, sauti hurekodiwa kwanza, kisha mimi nasikiliza neno hilohilo tena na tena nikichora mdomo unavyofunguka.

Kuna mhusika mmoja, nyanya Mmasai anayeuza maziwa na kugombeza mtaa mzima. Sauti yake ilitusumbua mpaka nikamleta mama yangu kutoka Bisil. Tulimrekodi chumbani, tumetundika blanketi ukutani ili kuku wa jirani wasisikike. Hakujua kusoma, kwa hivyo nilimnong'onezea maneno naye akayasema apendavyo. Yake yalikuwa matamu kuliko yetu, na tulicheka hadi tukaharibu rekodi.

Lakini mwenzangu alipomwita kwa jina la mhusika, mama alikataa kuitika. Nikamuuliza shida ni nini.

"Huyo simjui," akasema. "Tangu niolewe naitwa mama wa fulani. Hata baba yako haniiti jina langu. Hapa mniite jina langu."

Basi tukabadilisha, nyanya akapewa jina la mama. Alirudi Bisil akawatangazia wanawake wa sokoni kwamba ataitwa jina lake kwa TV.

Hakukiona kipindi hicho. Aliugua ghafla akatuacha kabla sijamaliza kuchora. Wapendwa, sijui niwaeleze vipi uchungu wa kuchora mdomo wa mama yako aliye kaburini. Namsikia akivuta pumzi kabla ya kuongea, halafu najifuta macho nione kioo cha kompyuta.

Juzi baba alikuja kunitembelea, akaikuta kompyuta ikimwita mama kwa jina lake. Kwetu jina la aliyefariki halitajwi tena, na baba ni mtu wa kushika mila. Hakunigombeza. Alisimama mlangoni akisubiri inyamaze.

"Nakerai, mwanangu," akaniambia, "mama yako amepumzika. Mbona mnamuita kila saa? Sauti wacha, lakini hiyo jina toa."

Sijawahi kumwona baba akiomba kitu. Nilimpikia chai, akainywa bila kuniangalia, akaenda zake.

Mkubwa wetu kazini ni mwelewa. Amesema wenzangu wanaweza kurekodi upya wamwite Kokoo, yaani nyanya, ni kazi ya asubuhi moja tu. Ananisubiri mimi niseme, na kipindi kinatakiwa wiki ijayo. Nikilitoa jina, nitakuwa nimemnyang'anya mama kitu pekee alichoniomba maishani. Nikiliacha, litaingia hadi kwa majirani zetu Bisil, na baba atalisikia kila atakapopita. Huyu ndiye mzazi niliyebaki naye.

Imebaki sehemu moja sijachora. Jirani anapiga hodi, anamwita nyanya kwa jina lake, naye anaitika, "Niko hapa." Sauti ipo, lakini mdomo bado umefungwa, na nimekaa mbele yake tangu asubuhi. Hata nyinyi mnaona, jina lenyewe nimeshindwa kuliandika hapa.

Nishaurini, ndugu zangu. Nimwache mama aitike, au nimnyamazishe anayemwita?