Mlango wa Wafanyakazi Ulipolia

Nilipoanza kazi ya udobi kwenye loji moja ya watalii Usa River, aliyenifundisha ni mama mmoja wa Akheri. Alikuwa akifua mashuka ya wageni tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Alinionyesha namna ya kukunja shuka kubwa bila kuliburuza sakafuni, na namna ya kutoa doa la divai kabla halijakauka. Mimi ni Mchaga niliyekulia Levolosi, yeye Mmeru. Aliniita mwanangu kuanzia wiki ya kwanza, nami nikamwita mama, tena si kwa adabu tu.

Taulo zilikuwa zikipotea. Nyingine wageni waliondoka nazo, nyingine zilichakaa tu zikatupwa. Meneja alichoka kuulizwa na wenye loji, akaleta mfumo mpya. Kila shuka na kila taulo likashonewa chipu ndani ya pindo. Fundi aliyetoka mjini alituambia chipu ile haina betri. Ikikaribia kifaa cha kuisoma, mawimbi ya redio yanaiamsha nayo inataja namba yake. Kusema kweli tuliipenda. Badala ya kuhesabu taulo moja moja tulisukuma toroli mbele ya kifaa, na kompyuta ikasema zimeingia ngapi na ni za wapi. Mama alisema mgongo wake umepata likizo.

Baadaye wakafunga kifaa kingine kwenye mlango wa wafanyakazi, nguzo mbili nyeupe, huku na huku. Hapo hatukuelezwa mengi, ila kwamba anayetoka na kitu chenye chipu, mlango utalia.

Jioni mlango ulipolia kwa mara ya kwanza, aliyekuwa akipita ni mama. Mlinzi alimpekua mfuko, akakuta kanga, mwavuli na bakuli la chakula. Mifuko ya koti ilikuwa mitupu. Tulicheka, tukasema mashine bado ngeni. Kesho yake kulikuwa na jua kali, mama akaja bila koti, na mlango ukanyamaza. Siku iliyofuata ukalia tena, tena kwake. Kilichoharibu mambo ni kwamba kompyuta ilitaja kitu chenyewe: taulo la bwawani. Walipolitafuta stoo, mfumo ukasema halipo.

"Mama, kama umelichukua lirudishe tu," meneja alimwambia mbele yetu sote. "Sitaki makubwa."

"Sijachukua kitu, baba," akajibu. Alikuwa anaweza kumzaa yule kijana, lakini alimwita baba.

Baada ya hapo wenzetu wakaanza kupungua mezani kwetu wakati wa chai. Hakuna aliyesema neno baya. Walikuwa tu na haraka. Mimi nilibaki, ila nami usiku nilijiuliza mashine ingepata wapi namba ya taulo ambalo hakulibeba.

Ulipolia tena, meneja aliagiza apekuliwe mwilini. Mlinzi wa kike alimwingiza kwenye chumba kidogo cha mapokezi ya mizigo. Mama alivua koti akaliacha kwenye kiti nje. Nilimsubiri. Alipotoka alikuwa anafunga blauzi, macho yake hayakutua kwa mtu yeyote, na akapita kati ya zile nguzo akashika njia. Mlango haukulia. Hakuna aliyejiuliza kwa nini, hata mimi.

Kesho yake hakuja. Koti lake lilikuwa palepale kwenye kiti. Akheri kuna baridi, nikaona nikitoka nimpelekee. Jioni nikalitundika mkononi, nikapita, na mlango ukalia.

Nilimpa mlinzi mfuko wangu. Mlinzi alitoa vyangu vyote, kisha akalikamata koti na kulipapasa pole pole. Mfuko mmoja ulikuwa na tundu. Chini kabisa, kati ya kitambaa na bitana, kulikuwa na vitu vidogo vigumu. Tukavisukuma hadi vikatoka: vifungo vya mashati, na kimoja kinene, cha kijivu, kisicho na matundu. Ilikuwa desturi ya mama kuokota vifungo kwenye chujio la mashine, ili mgeni akilalamika amshonee. Hicho cha kijivu kilikuwa chipu ya taulo la bwawani, iliyochomoka kwenye pindo wakati wa kufua, naye akaiokota pamoja na vingine. Sisi tulikuwa hatujawahi kuonyeshwa chipu ikiwa nje ya kitambaa. Taulo lenyewe lilikuwa kwenye rafu siku zote, pindo limefumuka, na kwa kuwa halikuwa na chipu, kompyuta haikulijua.

Meneja alikuja, akakigeuza kile kifungo kiganjani. "Kumbe," akasema. Halafu, "Nenda kamwite. Mwambie yameisha."

"Si uende mwenyewe, bosi?"

Akasema ana wageni wanaoingia.

Jumatatu nilimkuta mama shambani kwake, kati ya migomba, anamkatia ng'ombe majani. Nilimwamkia, nikampa koti, nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kuacha kukata. Nyumbani aliwaambia ameacha kazi kwa sababu ya magoti, hivyo akaniomba nipunguze sauti.

"Meneja anasema yameisha," nikamwambia.

"Kwake." Akaweka panga chini. "Yule binti aliyenivua nguo tunaimba naye kwaya. Jumapili tulisimama mstari mmoja. Unajua alivyoniangalia?"

"Sasa atajua ukweli, mama."

"Na ule mlango bado upo?"

"Upo."

"Ukinililia tena kwa jambo nisilolijua, nitafanya nini?"

Niliinama nikamkusanyia majani aliyoyakata.

Hakurudi. Meneja hakwenda Akheri, ila alibadilisha utaratibu: mlango ukilia, mtu anavua koti na viatu, vinapitishwa peke yavyo kwanza. Mimi bado nipo. Kila jioni najipapasa mifuko kabla ya kupita, na kuna siku nageuza hata pindo la sketi.

Mwezi uliopita nilimkuta sokoni Tengeru anauza maparachichi. Aliniuliza binti aliyechukua nafasi yake anaendeleaje. Nikamwambia anaburuza mashuka. "Mvumilie," akasema. Nikamuuliza tena kama hawezi kufikiria kurudi. Alichagua parachichi moja, akalibonyeza, akanitilia kwenye mfuko, kisha akaniuliza habari za mguu unaomsumbua mama yangu mzazi.