Mwendo wa Shikamoo

Sina mbio. Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili mbele ya wanawake ambao kila asubuhi nawafundisha kukimbia. Wakiniuliza mbona mimi nasimama pembeni na filimbi, nasema goti. Goti langu halina neno. Halijawahi hata kuuma.

Tunakutana uwanja wa mpira, hapa Kilwa Masoko, watu wakishatoka kuswali alfajiri na kabla wenye magenge hawajafungua. Wengi wa wanafunzi wangu wana wajukuu. Mimi nina shahada ya elimu ya michezo, na naweza kueleza kwa lugha ya kitaalamu kwa nini mtu anahema. Walichoka kuelezwa. Mbio za mjini zilipotangazwa, kilomita kumi, waliniandikisha wao. Nilijua siku niliyoletewa fulana.

"Kocha, safari hii na wewe ingia tukuone," akasema mkaanga samaki, mkubwa wao kwa umri na kwa mdomo. "Ukimaliza, mwakani tunaingia wote. Ukishindwa, tunarudi kulala."

Nikampigia simu mama yangu, aliyeko kijijini kwetu Miteja, kumpa habari.

"Mtu mzima akikimbia barabarani," akasema mama, "watu huuliza kafiwa na nani."

"Ni mashindano, mama."

"Na wazee utakaowapita na suruali yako?"

"Nitavaa fulana ndefu na ushungi."

"Sikukatazi. Ila sijaridhia."

Kwa mtu wa kwetu neno hilo ni zito kuliko kukatazwa. Aliyekatazwa anaweza kukaidi, kisha akaenda kuomba msamaha. Asiye na radhi ya mama, ataomba msamaha wa nini? Na wanafunzi wangu nao wana mama na mama wakwe wenye maneno hayohayo. Walikuwa wananitazama mimi kujua kama maneno hayo yanavukika. Nilitamani kuipata ile homa ya ghafla ambayo wao hunitajia kila Jumatatu.

Siku ya mbio nilianza kama mwehu. Vijana walichomoka, nami nikachomoka nao, mdomo nimeubana. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifundisha: ukikimbia usiongee, tunza pumzi. Tulipofika kwenye nyumba za mwanzo, mzee mmoja alikuwa kwenye baraza lake na kikombe cha kahawa. Kundi lote likampita. Na mimi nikampita.

"Wewe binti!" akaita. "Kwenu hakuna wazee?"

Kitabu gani cha chuoni kinaeleza la kufanya hapo? Miguu yangu haikungoja kitabu. Nikageuka, nikarudi hadi barazani.

"Shika... moo," nikasema, neno likiwa vipande viwili.

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana, baba. Mashindano."

"Mnashindania nini?"

"Medali."

Akanitazama kwa huruma. "Kwenu wapi?"

"Miteja." Akauliza mimi wa nani, nikamtajia mama yangu.

"Haya, nenda. Wenzio wamekuacha."

Walikuwa wameniacha kweli. Nikaona basi, maadamu nimeshaaibika, nisiaibike mara mbili. Kila mzee niliyemkuta njiani nikamwamkia, na nikagundua kwamba nikienda mbio sana neno halitoki zima. Nikapunguza mpaka likatoka zima, na nafasi ya "habari za asubuhi" ikabaki. Huo ukawa mwendo wangu. Chuoni nilifundishwa hivyohivyo, kwamba mkimbiaji wa kawaida aende mwendo unaomruhusu kuongea. Swali hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani, kisha nikaja Kilwa kuwafunga watu midomo.

Njia ya kurudi ilianza kunipa watu wa kuwapita. Kijana mmoja aliyechomoka kama mshale nilimkuta ameshika ubavu, anatembea. Nikampa pole, nikapita. Sitasema uongo, ile pole niliitamka taratibu ili aisikie vizuri.

Kisha nikawaona wanafunzi wangu kando ya barabara, wanapiga makofi. "Kocha, bado kidogo!" Maneno yangu mwenyewe, ninayowapigia kelele kila siku. Haikuwa kidogo. Palikuwa na jua, palikuwa na mlima ambao siku zote nilidhani ni tambarare, na mkaanga samaki akikimbia pembeni yangu na kandambili, ananicheka: "Bado kidogo, Kocha! Si ndivyo unavyotuambia?" Tangu siku hiyo nawatajia umbali uliobaki, hata kama ni mchungu.

Nilimaliza. Nyuma yangu walikuwapo wakimbiaji wachache, kisha gari la wagonjwa. Wanawake wakanipigia vigelegele utadhani nimeolewa upya, nami nikavipokea vyote bila haya.

Lakini mama alikuwa bado.

Alasiri nikiwa nimelowesha miguu kwenye beseni, simu ikalia. Mama yangu hubipu tu ili nimpigie. Safari hii aliiacha ilie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia umekuwa wa mwisho."

"Si wa mwisho. Kuna watu nyuma yangu."

"Alhamdulillahi. Kuna mzee huko Masoko kamtafuta mjomba wako, mjomba wako kanipigia. Anasema vijana wote wamempita kama mbuzi. Mmoja tu kapita, karudi. Kauliza wa nani, kaambiwa wangu."

Nikatoa miguu kwenye beseni.

"Umenisikia? Kaambiwa wangu."

"Nimesikia, mama."

"Basi nimeridhia. Na hao wenzio waambie hivyohivyo, waingie. Ila wenye mbio zao mwakani wazipitishe huku Miteja. Na sisi tunataka kuamkiwa."