Shimo la Ethi Nyuma ya Nyumba

Mama yangu ana kisukari, na insulini yake ilikuwa ikikaa kwenye chungu chenye mchanga uliolowanishwa, kwa sababu nguzo za umeme ziliishia barabarani, hazikufika kwetu. Nilipomaliza chuo na kurudi Segese bila kazi, nikamwahidi friji ndogo ya kutumia sola. Hiyo ilikuwa Machi. Hadi Agosti nilikuwa bado napanga.

Nilipiga hesabu ya paneli mbili, kisha tatu, kisha mbili tena. Nilitafuta betri ya kuhimili siku tano za mawingu, katika mkoa ambao hata wingu moja watu hutoka nje kulitazama. Nikamwuliza mama atafungua friji mara ngapi kwa siku.

"Nikitaka dawa," alisema, akakimwagia chungu maji.

Paneli na betri zilipofungwa, ikabaki fimbo ya shaba ya ethi, ile inayozikwa ili radi ikipiga iishie ardhini. Fundi aliniambia niigonge kwa nyundo tu. Ikakwama kwenye jiwe. Nikaing'oa, nikachukua sululu, na kwa kuwa naogopa sana radi, nikachimba hadi shimo likanifika kifuani.

Nilisahau kwamba naishi kwenye machimbo ya dhahabu. Kesho yake asubuhi walikuja wachimbaji watano na makarai yao.

"Msomi, umeona nini?"

"Sijaona kitu. Ni shimo la ethi."

Wakatazamana. Nikawaeleza habari za radi na unyevu wa udongo, nikawachorea mchangani. Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu mwenye mchoro, kwao, anajua dhahabu ilipo. Mkubwa wao aliponda kipande cha jiwe, akakiosha kwenye karai, akakitazama, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulileta wengine saba.

Nilikimbilia ndani kumwambia mama kwamba tumekwisha: watachimba hadi chini ya msingi, ukuta utaiangukia betri, insulini itarudi chunguni. Mama akatoka na ile fimbo mkononi.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Chimbeni, ila msisogelee ukuta wangu. Mkichoka mnisimamishie hii humo chini, mfukie vizuri."

"Na tukipata?"

"Tunagawana. Msipopata, mnafukia vilevile."

Walichoka siku ya tatu. Fimbo ilizama kina ambacho fundi hajawahi kukisikia, nikalazimika kununua waya mwingine.

Sasa insulini iko rafu ya juu. Chini yake zimejaa chupa za maji za wachimbaji, maana mama anasema hawezi kuwanyima maji baridi watu waliomzikia ethi. Nimebandika karatasi ya kuhesabia kwenye mlango wa friji, na jana hadi jioni ulikuwa umefunguliwa mara thelathini na moja. Nilimwonyesha mama kwa masikitiko.

Akafungua friji, akatoa kichupa chake, akanigusisha shavuni. Kilikuwa baridi kweli.

Nikaandika thelathini na mbili.