Siku Niliyouliza Mkia Ni wa Nani

Chekeni sasa mmalize, maana mimi mwenyewe nikikumbuka Jumamosi ile uso unaniwaka. Yote yalianza nilipochungulia simu ya mume wangu, Mutua, akiwa bafuni (nilitaka kuangalia saa tu, haki ya Mungu), nikaona ujumbe wa mtu anayeitwa Zawadi: "Ule mtiririko wa mkiani nimeuona tena, una kasi ajabu. Njoo saa nne. Mkeo asijue bado."

Asijue! Na mkia wa nani? Kumbe ndiyo maana wiki nzima alijifungia chumbani, nikigonga anafunika kompyuta, nikiuliza anasema, "Kazi tu."

Nikampigia Mama Furaha, rafiki yangu Mkongo anayesuka nywele mtaa wa Rosettenville. "Ma chérie," akasema, "huyo iko na mwanamke, ao anauza nyama ya pori. Tumufuate!" Basi tukamfuata kwa gari la Mama Furaha kutoka nyumbani Midrand mpaka chuo anachofanyia utafiti, tukijificha nyuma ya teksi kwenye kila roboti (ndizo taa za barabarani za huku), rafiki yangu na miwani myeusi asijulikane, lakini wigi jekundu hakulivua.

Mutua akaingia chumba fulani na msichana mrembo. Nikasukuma mlango kwa bega. "Mutua! Mkia wa nani huo?"

Watu kama ishirini wakageuka, wengi wenye mvi. Mutua alikuwa mbele, amevaa suti ya harusi yetu, na ukutani kuna picha ya dunia imechorwa mkia mrefu. Profesa mmoja akamwuliza yule msichana nimesema nini, naye (ndiye Zawadi mwenyewe, mtafiti mwenzake) akatafsiri neno kwa neno, chumba kizima kikacheka.

"Mkia wa dunia," Mutua akajibu polepole. "Upepo wa jua unauvuta usumaku wa dunia nyuma, unarefuka kama mkia. Ukivutwa sana unafyatuka, na gesi yenye umeme inarushwa kuja kwetu, mamia ya kilomita kwa sekunde." Akashusha sauti. "Leo natetea utafiti wangu. Mwaka jana waliukataa. Niliona aibu kukwambia."

"Eish," Mama Furaha akanong'ona, "tukae."

Tukakaa nyuma, nikimwangalia akijibu maswali. Walimpitisha, lakini siku mbili hakunisemesha, na sikumlaumu. Vicheko vya maprofesa navivumilia. Kinachoniuma ni kwamba mume wangu alibeba pigo mwaka mzima peke yake, ndani ya nyumba yangu, na mimi nikaona dalili zote nikadhani ni mwanamke. Simu yake siigusi tena. Nitamwuliza, na akianza kueleza nitakaa nisikilize, hata nikiambulia nusu.