Mota Iliyomkataa Letisia

Niamini usiniamini, nimeona mota ikimkataa mtu.

Ilikuwa Gehandu, kwenye kinu cha ngano cha mzee Baltazar. Mimi ni mzururaji na begi langu la spana. Darasani nilikaa kidogo, mengine nimeyaokota njiani.

Wasagaji ni wawili. Zamu ya Hermani, kinu kinasaga vizuri tu. Zamu ya Letisia, dakika tano, kimya! Drive, kile kisanduku kinachoiendesha mota, inaandika hitilafu ya enkoda.

Enkoda ni kidude kinachokaa nyuma ya mota. Kinahesabu mizunguko na kuipasha habari drive. Hesabu ikivurugika, drive inazima kila kitu.

"Huyu mama ana nuksi," Hermani akacheka. "Hata mota inamwogopa."

Mzee Baltazar hakucheka. "Fundi, ukishindwa leo, kesho Letisia abaki nyumbani."

"Shikamoo babu," Letisia akanisalimia. "Nina watoto watatu."

"Marahaba mjukuu. Tutazame kwanza."

Nikabadilisha enkoda. Nikapima waya mmoja mmoja, nyaya zote nzima.

Hermani akawasha. Mota ikanguruma saa nzima.

Letisia akapokea zamu. Puu, ikazima!

Sidanganyi, na mimi nilianza kuamini nuksi kidogo.

Nikamuuliza, "Ukiingia zamu, unaanza na nini?"

"Nawasha fensi ya umeme babu, ng'ombe wasile pumba. Si ndiyo amri ya mzee?"

Nikatoka nje mbio.

Waya wa fensi umelala sambamba na kebo ya enkoda, hatua ishirini nzima. Fensi inapiga tik, tik, tik. Kila ikipiga, umeme wake unadonoa ile kebo, na drive inahesabu mizunguko ambayo haipo.

Kebo ina wavu wa shaba wa kuikinga na fujo kama hizo. Aliyeifunga hakuuunga kwenye ethi, ule waya unaoshusha umeme ardhini. Unaning'inia tu!

Nikaunga wavu, nikahamisha kebo mbali. Letisia akawasha fensi, akawasha mota.

Ikasaga mpaka jioni.

Mzee Baltazar akamgeukia Hermani taratibu. "Kumbe wewe zamu yako fensi huwashi?"

Hermani akashika ufagio, akaanza kufagia unga.

"Na wale ng'ombe wanaoshinda kwenye pumba zangu, ni wa nani?"

"Wa mjomba, mzee."

Aliyebaki nyumbani kesho yake hakuwa Letisia.

Ndugu zangu, ukisikia mtu ana nuksi kazini, kabla hujamkimbia, tazama anafanya nini ambacho wenzake hawafanyi. Pengine ni yeye peke yake anayefanya kazi.