Kikombe cha Maua

Mwalimu wa hisabati alimwagiza mjukuu wangu alete mfano wa aljebra kutoka nyumbani, aeleze kila kipande kinasimamia nini. Jioni hiyo aliketi mlangoni na daftari lake, nami nikichambua mboga za chinsaga.

Alinieleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa shule ya Jumapili. Herufi hushika nafasi ya namba inayobadilika. Namba iliyosimama peke yake haibadiliki. Kisha akanisomea mfano wake: w + 1. W ni watu wanaokunywa chai kwetu. Jumatatu tulikuwa wawili, nikatoa vikombe vitatu. Alhamisi akina mama wa maombi walikuja kutoka Keumbu, tukawa saba, nikatoa vinane.

"Nyanya, hii moja niandike ni ya nani?"

Sikujua kwamba alikuwa akinihesabia. Nikamwambia aandike mgeni, maana kwetu chai hupikwa ikazidi kidogo, asije mtu akakuta sufuria tupu.

"Mgeni akija humpa kikombe kingine," alisema. "Hiki cha maua unakijaza, chai inapoa, halafu unaimwaga kwenye migomba."

Mama yake, binti yangu, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, mtoto akiwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Alipiga simu miezi michache, kisha kimya. Hatuna kaburi lake uani, wala hatuna sauti yake. Mimi humshukuru Mungu kwa mengi, lakini kwa hili bado sijapata maneno. Mara nyingine chai ikifuka mvuke nasikia kiti nyuma yangu kikilia, kama mtu anayeketi. Sigeuki.

"Andika ni ya mama yako."

Aliandika. Akauma kalamu kwa muda.

"Akirudi tutamhesabu kwenye w. Hii moja itafutika."

"Itafutika."

"Lakini mwalimu alisema haibadiliki."

Nilimwambia aiache ilivyo.

Kesho yake alirudi na alama kubwa ya vema, nyekundu. Nilimpongeza, nikaingia chumbani, nikapiga magoti. Niliomba lile lile la miaka yote, ila safari hii nililitaja wazi: Bwana, jibu la mtoto huyu siku moja liwe kosa.

Nilipotoka, alikuwa ameshapanga vikombe vitatu mezani.